Pointi ya Tano

Historia ya nchi hii niliisoma mbio, na sababu yake ni ujinga wangu mwenyewe. Niliamini kwamba video ikichezwa kwa mwendo wa mara mbili inakula nusu ya bundles za intaneti. Hakuna aliyenidanganya. Nililibuni jambo hilo peke yangu, nikaliamini kwa moyo wote, na kwa miezi mitano nikamsikiliza mwalimu mmoja akiongea kama mtu aliyeacha maziwa kwenye moto.

Wakati huo nilikuwa nafundisha chekechea katika shule ndogo ya kibinafsi huko Kiamunyi, Nakuru, nyumba ya kawaida iliyochorwa twiga na pundamilia ukutani. Nilikuwa mwalimu mzuri, na nasema hivyo bila haya, maana mtoto aliyelia kwa kila mtu alinyamaza akiletwa kwangu. Lakini sikuwa na cheti cha kidato cha nne. Siku moja mwenye shule, mama mmoja mwenye sauti ya upole hata akikupa habari mbaya, aliniita ofisini.

"Madam, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini wakaguzi wakikuja mwaka ujao nitawaonyesha nini? Niletee C plain ya kidato cha nne, hiyo tu. Bila hiyo sitaweza kukutetea."

Nilikuwa na miaka thelathini na tano. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha mimi na mama yangu, nayo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda. Nikapiga moyo konde, nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Masomo mengine nilipata watu wa kunisukuma. Hesabu nilifundishwa na mwenzangu kazini, naye alinitukana nilipostahili. Historia na Serikali haikupata mtu. Kila niliyemuuliza alisema hiyo ni ya kukariri tu, kwani huna simu? Basi nikatafuta video, nikampata mwalimu wangu.

Sura yake haikuonekana. Kilichoonekana ni karatasi nyeupe, mkono, mkono wa sweta ya kahawia iliyochanika kidogo kwenye pindo, na kalamu ya wino wa bluu. Aliandika pointi kwa Kiingereza, akaisoma, kisha akaieleza kwa Kiswahili, kama walimu wetu wengi wanavyofanya, ili asiachwe mtu. Asiyesoma historia hapa kwetu huenda asielewe maana ya pointi. Hatuulizwi kilichotokea. Tunaulizwa tutaje sababu tano, tueleze matokeo sita, na kila sababu ina alama yake. Vita vya dunia ni pointi. Kuja kwa reli ni pointi. Ukiandika hadithi ndefu na nzuri isiyo na pointi, unapata sufuri safi.

Nilisoma jioni, nikitoka kazini, mlangoni pa nyumba yetu ya mtaa wa Bondeni wakati mwanga bado upo. Mama alikaa kando yangu akiambua minji, yaani njegere mbichi. Ndiyo biashara yake: ananunua minji kwa gunia, anaiambua, anaipima kwa kikombe na kuitia kwenye mifuko midogo, anawauzia wapita njia wasio na muda wa kuambua. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Simu iliegemezwa kwenye ndoo kati yetu, na yeye akasikiliza kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

"Huyu mwalimu ako na haraka ya nini?" aliuliza siku ya kwanza. "Kwani anafukuzwa?"

Akambandika jina la Mwalimu wa Haraka, na tangu hapo akawa mgeni wetu wa kila siku. Somo la uhamaji wa makabila lilimchekesha, jinsi watu walivyotembea miaka na miaka wakitafuta malisho. Alisema hao hawakuwa na mizigo. Somo la kipande, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, alilikatiza, akaniambia baba yake alikivaa shingoni akiwa kibarua katika shamba la mzungu, na kwamba kilimwachia alama ya kamba. Nikataka kujua zaidi. Lakini Mwalimu wa Haraka alikuwa ameshafika pointi ya nne, nami nikamwambia mama anyamaze niandike.

Mwenzangu wa Hesabu ndiye aliyenifumbua macho. Alinikuta wakati wa chai nikitazama video huku nimekunja uso.

"Ati unaikimbiza hivyo kwa nini?"

Nikamweleza hesabu yangu ya bundles. Alicheka hadi akashika meza. "Wee! Bundles ni zile zile! Video ni ile ile! Unajimaliza bure!"

Nilikasirika, hasa kwa sababu alisema kweli. Miezi mitano ya kukimbizwa bila kukimbizwa na mtu. Jioni hiyo nikarudisha mwendo wa kawaida, nikamfungulia mwalimu wangu.

Nilidhani nimefungua mtu mwingine. Alikuwa mzee, au mtu aliyechoka kama mzee. Sauti ilikuwa nzito na ya taratibu. Alikohoa. Nyuma yake kulikuwa na kuku, na mara moja mlango ulifunguliwa na mtu akaomba radhi. Hayo yote yalikuwemo siku zote.

"Huyu ni nani sasa?" mama akauliza.

"Ni yule yule."

"Si yule," akasema. "Huyu ni mtu."

Tukaanza kurudia masomo kutoka mwanzo, kwa sababu mtihani ulikuwa umekaribia na karatasi zangu za mazoezi ziliniweka ukingoni kabisa: mara ninaipata C kwa alama moja, mara ninaikosa kwa alama moja. Siku ya tatu au ya nne tukafika kwenye umoja wa kitaifa, somo la uraia ambalo nilikuwa nimelipitia mara mbili na kulikariri. Mambo yanayozuia umoja wa kitaifa. Mkono ukaandika ukabila. Ukaandika ufisadi. Ukaandika mgawanyo mbaya wa rasilimali. Ukaandika siasa za uchochezi. Alipomaliza kuisoma hiyo ya nne, mwalimu akaanza, "Kwa mfano, sisi huku kwetu, mwaka ule..." Akanyamaza.

Nilifikiri mtandao umekwama. Nikagusa simu. Haikuwa imekwama, maana kuku walikuwa wanasikika na doa la wino lilikuwa linakua chini ya kalamu. Kwa mwendo wangu wa zamani ukimya huo ulipita kama mtu anayemeza mate. Sasa ulikuwa mrefu. Kisha akasema, "Tuendelee," akaandika pointi ya tano, dini, na sauti yake ikawa ile ile.

Mama alikuwa ameacha kuambua.

"Huyo aliona," alisema.

Sisi pia tulikuwa huko, mwaka ule wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa na shamba dogo kule juu kwenye baridi, na ng'ombe wawili, na mimi nilikuwa naingia kidato cha nne. Tulitoka siku moja mchana, tukaishia katika hema la wakimbizi Nakuru, na shule yangu ikaishia hapo. Hayo niliyajua. Kati yetu hayakuzungumzwa, na nilishazoea. Baba yangu alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa tatu wa kuanzisha.

"Zima," mama alisema. Nikazima.

Aliniambia huku akitazama minji. Yule mwanamume aliyekuwa akinunua maziwa yetu alikuja saa saba mchana. Hakuingia ndani. Alisema, mama, toka leo, usingoje giza. Na usiambie mtu. Ukisema, wataanza na wewe.

"Nikafunga nguo. Nikakuita."

"Uliniambia tunaenda kumwona shangazi mgonjwa."

"Nilikwambia hivyo."

Nikajua kuna jambo linakuja, na sikulitaka.

"Mama wa jirani alikuwa anaanika nguo," alisema. "Akaniuliza, mnaenda wapi na mizigo? Nikamwambia vile nilikwambia wewe, mgonjwa. Akasema, msalimieni. Akatupungia mkono. Na mimi nikampungia."

Kati yetu na jirani kulikuwa na ua wa miiba, wenye pengo tulilolipanua sisi watoto. Binti yao alikuwa darasani kwangu. Tulikuwa na kitabu kimoja cha historia kati yetu wawili, kilichonunuliwa na mama zetu kwa kuchanga, na tulikipokezana: wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Wiki ile kilikuwa kwake. Nakumbuka nilipokuwa nimekaa juu ya mizigo nilifikiri, haidhuru, shangazi atapona nirudi kabla zamu yangu haijafika.

"Usiku nyumba yao ilichomwa," mama alisema. "Wao sijui. Niliuliza kwenye mahema yote. Wengine walisema walivuka kwenda upande mwingine. Sijui, mami."

Ananiita mami, kama akina mama wengi wanavyowaita binti zao. Siku hiyo sikutaka kuitwa hivyo. Nilimkasirikia, na sitaficha. Nilimkasirikia kwa kuniambia na kwa kutoniambia, na kwa sababu nilijua kabisa kwamba kama angemwonya jirani, huenda nisingekuwa hapo nikikasirika. Nilikaa siku mbili nikimjibu kwa neno moja moja. Niliandika jina la rafiki yangu kwenye simu, nikapata wanawake wengi wenye jina hilo, wote wakitabasamu, hakuna aliyekuwa yeye. Siku ya tatu mama aliniwekea chai, nikainywa, na maisha yakaendelea. Sikumwambia kwamba nimemsamehe. Sikuwa na uhakika kama hilo ni langu la kusamehe.

Siku ya karatasi ya Historia nilifika katika shule niliyopangiwa nikiwa nimevaa sweta yangu ya kazini. Wasichana waliovaa sare walisimama wote na kunisalimu, "Good morning, madam," wakidhani mimi ndiye msimamizi. Nikawajibu vizuri, kisha nikatafuta namba yangu na kuketi kati yao. Mmoja alifunika mdomo.

Swali lilikuwa hapo, katikati ya mengine, fupi na tulivu. Taja mambo matano yanayozuia umoja wa kitaifa nchini. Alama tano.

Niliandika ukabila. Niliandika ufisadi, kisha rasilimali, kisha siasa za uchochezi. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Dini ilikuwa tayari kwenye ncha ya kalamu, alama ya bure isiyohitaji kufikiriwa, na kwa jinsi mazoezi yangu yalivyokuwa, alama moja ingeweza kuwa ndiyo kazi yangu yenyewe, watoto wangu wa Kiamunyi na kodi ya nyumba pamoja. Nililijua hilo vizuri kabisa nilipokuwa nimekaa pale.

Nikaandika, kwa Kiingereza cha mtihani, watu walioonywa lakini hawakuwaonya wengine.

Niliitazama. Haikuwa kwenye video, wala kwenye kitabu chochote nilichokijua, na yeyote atakayesahihisha angekuwa na orodha yake mezani ambayo hilo halimo. Kulikuwa na muda wa kutosha kuifuta na kuandika dini. Sikuifuta. Nikaenda kwenye swali linalofuata.

Jioni hiyo nilimwambia mama nilichoandika. Sikumwambia kwa wema. Nilitaka ajue. Alisikiliza, akauliza, "Ukaiandika hivyo hivyo?" Nikamwambia hivyo hivyo. Akaingia ndani, akakaa huko kwa muda.

Matokeo yalikuja kwa simu, mwezi wa likizo. C plain, kwa jumla. Historia ndiyo iliyonibeba: B minus, juu ya masomo mengine yote. Mwenye shule alinikumbatia na kusema alijua tangu mwanzo, ambayo si kweli lakini nilimwachia. Mwenzangu wa Hesabu aliitisha soda, akawasimulia walimu wote habari ya bundles, na tangu siku hiyo nikichelewa mkutano husema niongeze mwendo mara mbili.

Nilimpelekea mama habari hiyo mlangoni. Alishukuru Mungu kwa sauti, hadi jirani akachungulia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika simu yangu, akazitazama herufi ambazo hakuweza kuzisoma vizuri, akanirudishia. Akaketi tena mbele ya karai lake.

"Na ile ya tano," akasema. "Walikupa alama?"

"Hawaonyeshi, mama. Wanatoa grade tu."

"Si utaona kwa karatasi?"

"Karatasi hairudi."

"Hairudi kabisa?"

"Kabisa."

Alichukua ganda, akaliambua, akatazama minji iliyokuwa ndani kana kwamba anaihesabu. 

"Lakini kuna mtu alisoma," alisema.

"Ndiyo. Kuna mtu alisoma."

"Basi," akasema mama, akavuta gunia karibu.