Bata wa Lambo la Mwasengi

Rebeka hakulia siku Nelly aliporudishwa kutoka shule. Alimkalisha mlangoni penye mwanga, akamvua soksi, akatazama vipele vyekundu vilivyomjaa kuanzia kwenye vifundo hadi magotini, vingine vimeshakunwa mpaka vinatoa maji.

"Mwalimu amesemaje?"

"Ametupanga mstarini sisi wenye vipele. Amesema ni upele wa uchafu, tusirudi mpaka upone." Nelly akajikuna goti. "Na tuwaambie mama zetu sabuni haijapanda bei."

Hilo la sabuni ndilo lililomuuma Rebeka. Tangu mumewe Masalu aende kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, huko Geita, yeye ndiye aliyelima pamba, akafua, akasugua miguu ya watoto kila jioni kabla hawajapanda kitandani. Kijana yule, mwalimu mkuu Gregory, hakuwahi hata kufika kwake. Kwa kutazama miguu ya mtoto tu, ameshaamua mama ni mchafu.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne kule Samuye. Wazazi walimtoa shule abaki nyumbani kulea wadogo zake, na hata leo anakumbuka alivyopita nje ya dirisha la darasa na mtoto mgongoni, akiwasikia wenzake wakiimba jedwali la saba. Nelly alikuwa darasa la saba na mtihani ulikuwa mlangoni. Kukosa masomo wakati huo ni kumrudisha mtoto palepale dirishani.

Kibaya zaidi, kidogo aamini kwamba kweli ni uchafu wake. Ni mwanamke wa kuhofu; mtoto akikohoa mara mbili, yeye ameshaweka maji ya moto. Alikwisha kubadilisha sabuni, kuchemsha mwarobaini, hata kuichoma mikeka. Vipele vilizidi. Kila Nelly alipotoka kuoga kwenye lambo la Mwasengi, bwawa la kitongoji, alikuja anajikuna.

Wiki hiyo alifika bwana afya, Donatus, na pikipiki yake, kukagua konokono wa lambo, wale wanaobeba kichocho. Nyumba ya Rebeka ndiyo ya kwanza kutoka majini, kwa hiyo kazi ya kuwachota alipewa yeye. Alivaa buti za mpira, akasimama kwenye jiwe, akapitisha wavu uliofungwa kwenye mti mrefu katikati ya matete. Donatus aliwaosha konokono, akamtia kila mmoja kwenye glasi ya maji safi, akazipanga glasi juani juu ya benchi.

Walipomaliza chai, ndani ya glasi mbili maji yalikuwa na vumbi jeupe linalocheza. Donatus alidondosha tone chini ya darubini yake.

"Ni kichocho?" Rebeka aliuliza. Alikuwa amesimama karibu mno, mpaka kivuli chake kikaangukia darubini.

"Nipishe mwanga kwanza, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. Alitazama tena. "Hawa wadudu wana vidoti viwili vyeusi, kama macho. Wa kichocho hawana. Hii ni minyoo ya ndege."

"Ndege gani?"

Donatus alielekeza kidevu lamboni. Bata wa nzengo walikuwa wakiogelea kwa raha zao.

Rebeka alikaa chini. Bata hao hawakuja wenyewe. Baada ya semina ya kichocho, mtu alisema bata hula konokono, na nzengo, umoja wa kaya zote za kitongoji, ikaamua kila nyumba itoe bata mmoja. Anayekataa atatengwa: hapewi moto, hachotewi maji, hata akifiwa hapati wa kumzikia. Rebeka alitoa jike lake jeupe, tena kwa kinyongo.

"Si tuliwaleta bata ili wawale konokono?"

"Wanakula, lakini hawawamalizi. Na wanakunya majini. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, kijidudu kinachoanguliwa humo kinaingia kwa konokono, kikikua kinarudi majini kumtafuta bata. Kikimkuta Nelly kinamwingia yeye. Kikiwa ndani kinagundua kimekosea mwili, kinafia kwenye ngozi. Ndiyo muwasho wenyewe. Hauambukizi mtu kwa mtu, na sabuni haiutoi."

"Rudia hilo la sabuni," Rebeka alisema.

Alirudia.

Akamwomba glasi moja, akaifunika kwa kitambaa, akamshika Nelly mkono. Njiani aliwapitia na watoto wengine waliorudishwa. Mwalimu Gregory alikuwa ofisini anakunywa chai. Mwalimu Aneth alikuwa pembeni anasahihisha madaftari.

"Shikamoo mama," Gregory alisema.

"Marahaba. Naomba utumbukize mkono humu."

Gregory alichungulia glasi. "Kuna nini?"

"Konokono wa lambo. Bwana afya amekwisha kumkagua."

"Sasa mimi nitumbukize ya nini?"

"Wewe si msafi? Sabuni yako ile pale kwenye beseni. Ukiwashwa, utanawa."

Aneth alicheka bila kuinua kichwa. "Tumbukiza, mkuu. Tuone."

Gregory alirudisha kiti nyuma. "Mama Nelly, hapana. Mimi sitii mkono humo."

"Mwanangu anaoga humo. Kisima kimekauka, na maji ya bomba tunayasikia redioni. Halafu ukamsimamisha mbele ya shule nzima ukamtukana mama yake."

Gregory akampigia Donatus simu. Alisikiliza muda mrefu, akiitikia tu. Alipokata, alisema kwa sauti ndogo, "Basi, aje kesho."

"Yuko nje, yeye na wenzake."

"Waingie."

"Na lile ulilosema mstarini?"

"Nitalisahihisha mstarini kesho asubuhi."

"Nitakuwepo," Rebeka alisema. Alikwenda kusimama nje ya dirisha la darasa la saba mpaka alipomwona Nelly amekaa na kufungua daftari.

Kesho yake Gregory alisema kweli, ingawa alisema haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Rebeka alitoka hapo moja kwa moja hadi lamboni, akavaa buti, akamfukuzia jike lake jeupe kwenye tope, akamkamata.

Mzee Maige, mwenyekiti wa nzengo, alimkuta amembana bata kwapani. "Mama Nelly, huyo ni bata wa nzengo. Kumtoa ni mpaka tukae, na tutakaa baada ya mavuno."

"Miguu ya mtoto haingoji mavuno, baba."

"Unajua utatengwa."

"Nimeshaitwa mchafu mbele ya shule nzima. Nitengeni, mtanikuta nyumbani."

Mama yake Blessing, mmoja wa watoto waliorudishwa pamoja na Nelly, alikuwa anafua pembeni; aliacha nguo zake, akakunja kanga na kuingia majini.

"Mama Nelly," aliita, "wako umemshikaje? Huyu wangu ananikimbia."