Bangili Ndani ya Kabati la Stima

Mativo, fundi wa stima kwenye kituo chetu cha kusukuma majitaka, hakupendwa na mtu. Mimi nilikuwa jirani yake Kaloleni na sikumpenda pia. Mtu gani anapita mlangoni kwako asubuhi kama anapita ukuta?

Chuki yenyewe ilianzia kwenye kabati la swichi za pampu. Hewa ya majitaka hula shaba, na unyevu huisaidia kula. Kwa hiyo Mativo aliwasha balbu humo ndani mchana na usiku ili pakauke, akazungushia mlango raba, na ole wako uufungue. Lakini hiyo ilikuwa Julai ya sabini na nane, baridi ya Nairobi ikikata masikio, na kabati lina joto. Mkebe wa githeri, mahindi na maharagwe ya mchana, ungewekwa wapi tena?

Thuo, mwangalizi wa pampu, akauweka humo. Mativo akautoa na kuumwaga mtaroni mbele yetu sote.

"Hii si jiko ya mama yako!"

"Na hii stima ni ya baba yako?"

Tangu hapo wakawa paka na panya. Mativo akatundika ndani ya kabati bangili ya shaba ya marehemu mamake, Mkamba wa Machakos. Ikigeuka nyeusi, atajua hewa imeingia, azifungue swichi na kuzisafisha.

Thuo hakuwa mjinga, alikuwa mkaidi, na hilo ni baya zaidi. Kila akimaliza kupasha githeri yake, aliisugua bangili kwa jivu mpaka ing'ae. Mativo akichungulia anaona shaba safi, anafunga, anaenda zake. Nyuma yake swichi zinaliwa.

Pampu ile ndiyo iliyoondoa majitaka ya nyumba za chini, na Thuo mwenyewe aliishi huko na mkewe Lydiah na binti yao Nduta. Jumamosi moja akachukua ruhusa. Wazee wa upande wa mchumba wa Nduta walikuwa wanakuja kuleta mahari, na mwezi mzima alikuwa ametuchosha kwa majivuno.

Asubuhi hiyo pampu ikakataa kuwaka. Mativo akafungua kabati. Swichi zilikuwa nyeusi tititi, bangili inameta, na jivu limejaa kwenye michoro yake. Alitukana kwa Kikamba, sikuelewa hata neno, nikafurahi sikuelewa.

Kufikia saa sita choo cha Thuo kilikuwa kimefurika hadi sebuleni. Wazee wakaondoka, viatu mkononi, uji haujaguswa.

Jioni Mativo, baada ya kuiwasha pampu, alikanyaga uchafu ule mpaka mlangoni pa Thuo.

"Vaa," akamwambia, akimpa ile bangili. "Unaisugua vizuri kuliko mama."

Thuo akaivaa. Nduta, aliyekuwa akizoa uchafu kwa karai, akainua macho yaliyovimba.

"Baba, hiyo bangili ni ya nini?"