Mama wa Redioni na Binti Anayeogopa Kufa

Saa nne asubuhi, Spéciose Nibigira anaacha cherehani, anapangusa nyuzi kwenye gauni lake na kufunga kibanda chake cha ushonaji hapa mtaani Bwiza. Anawahi redioni. Huko huigiza mama mkali katika mchezo wa kuchekesha unaosikilizwa kila wiki karibu Bujumbura nzima.

Sehemu inayorekodiwa siku hii inamhusu mtoto mwenye akili nyingi anayeogopa kufa. Mtoto huyo yupo kweli. Ni binti yake Lisette, mwenye umri wa miaka tisa.

Lisette alijua kusoma kabla ya kuanza shule, na walimu wakamrusha madarasa mawili. Kisha, mwaka huu wa 2003, makombora ya waasi yalianguka mjini kutoka milimani. Moja lilimuua Prudence, rafiki yake wa darasani. Tangu mazishi, Lisette hajakanyaga shuleni.

"Mutoto mwingine unamudanganya na biskuti," anasema Spéciose. "Huyu anauliza. Aliniuliza kama Prudence alisikia maumivu. Akaniuliza nani atatangulia, mi ao yeye."

Padri alimweleza habari za mbinguni. Shangazi yake alimkaripia. Lisette aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akarudi chini ya kitanda, anakoshinda siku hizi.

Spéciose alipomsimulia Valéry, mwandishi wa mchezo, yeye aliona humo kichekesho: mtoto anavaa sufuria kichwani na kumhoji daktari kuhusu kifo mpaka daktari anakimbia. Spéciose hakuchukia. Anasema watu wanahitaji kucheka, na hata yeye alicheka alipousoma mchezo huo. Kilichomshinda ni mwisho, ambapo mama anamkumbatia mtoto na kumwahidi kwamba hatakufa.

Studioni, anafika kwenye maneno hayo na kuishusha karatasi. Valéry anamwomba arudie. Halafu, kwa sauti yake ya nyumbani, anamwambia mtoto wa mchezo:

"Mi pia naogopa. Sijui itakuja siku gani. Lakini leo niko na we."

Hakuna anayecheka. Valéry anabishana naye, akihofia kwamba watu waliochoshwa na vita watazima redio. Mwishowe anayaacha maneno ya Spéciose yalivyo.

Mchezo ulitangazwa Jumapili iliyofuata. Lisette aliusikiliza akiwa chini ya kitanda, na kwenye kisa cha sufuria alicheka. Ulipokwisha, alitoka akaketi karibu na mama yake.

"Kumbe na we unaogopa?" aliuliza.

Spéciose alimjibu kwamba ndiyo. Kabla ya chakula cha jioni, milio ya risasi ilianza tena upande wa milimani. Lisette alirudi chini ya kitanda. Safari hii mama yake alimfuata.

Jumatatu ijayo Spéciose anakusudia kumpeleka shuleni. Mkuu wa shule amemruhusu mama huyo kukaa uani mpaka masomo yaishe, na nguo za kupinda kwa mkono atazishonea hukohuko. Lisette hajakubali bado. Anataka kwanza kujua ni nani sasa anakaa mahali pa Prudence.

"Nimemwambia tutaenda kuangalia sisi wawili," anasema Spéciose.