Kitako cha Mkebe wa Mama Mulwa

Mwaka wa 1984, mvua ilipokosa, serikali ilitaka kujua kila wiki bei za vyakula zinaelekea wapi, nami nikaajiriwa nizifuatilie. Nilikuwa na digrii ya uchumi, miwani, na miezi sita ya majaribio kazini. Kila Alhamisi nilipaswa kuwauliza bei wachuuzi kumi katika soko la kando ya Jogoo Road. Shida ni kwamba sikuweza kumuuliza bei mtu nisiyemjua bila sauti kunikauka. Basi nikamchagua mmoja, Mama Mulwa, nikawa nanunua kwake mkebe mmoja wa maharagwe kila wiki. Wale tisa niliwasikiliza kwa mbali wakiwatajia bei wateja wengine.

Mama Mulwa alikuja kutoka Machakos akimfuata mume aliyefanya kazi ya reli. Mume alipofariki, alimwachia watoto watatu, chumba kimoja Mathare, na koti la mvua ambalo mama huyo alilifunga vifungo hadi shingoni hata jua likiwaka. Hakuandika chochote maishani mwake. Lakini siku moja aliniambia bila kuulizwa, "Wiki hii wateja wameacha kununua dengu. Wiki ijayo wataanza kuomba nusu mkebe." Niliona ni porojo za sokoni. Mimi nilikuwa na grafu.

Na ilikuwa grafu nzuri: wiki saba, shilingi kumi na tano, mstari umenyooka. Mkuu wetu, Bwana Zedekiah, alikuwa ametufundisha kwamba wiki moja peke yake hudanganya. Lori likiharibika njiani bei inaruka, na wiki inayofuata inarudi chini. "Tazameni wiki nne pamoja," alisema, "kisha mlinganishe na majira kama haya mwaka jana." Mimi nilitazama saba. Nikaandika, "Bei ya maharagwe imetulia," nikapiga mstari chini yake kwa rula. Jumatatu ripoti ingepelekwa kwa wakubwa, waamue chakula cha akiba kiende wapi. Kwa ripoti hiyo hiyo ningethibitishwa kazini au ningerudishwa nyumbani.

Jumamosi mama yangu alisimama jikoni kwetu Buruburu ameshika sufuria.

"Lenah, haya maharagwe unanunua wapi? Zamani mkebe ulifika hapa." Alionyesha kwa kidole. "Sasa naona bati tupu."

Nilirudi sokoni karibu nikikimbia. "Mama Mulwa, maharagwe yako yamepungua?"

Alicheka mpaka koti likatikisika. "Yanapungua wiki ya saba sasa, msomi! Nikipandisha bei watanikimbia waende kwa Matheka hapo jirani. Kwa hiyo nagonga kitako." Aliupindua mkebe. Chini ulikuwa umepigwa nyundo ukabonyea ndani kama bakuli. "Kila mtu hapa anajua. Anatia mkono kwanza, anapima kina kwa vidole, ndipo tunabishania nyongeza. Wewe peke yako unatazama viatu vyako."

"Mbona hukuniambia?"

"Si umesoma? Nilidhani unajua. Nikakuonea huruma, nikawa nakuongezea konzi moja."

Kumbe hata takwimu zangu mbovu zilichanganywa na huruma.

Tuliazima mizani ya muuza nyama. Mkebe uliokuwa ukibeba kilo mbili ulibeba kilo moja na nusu. Kilo iliyokuwa shilingi saba na nusu sasa ilikuwa kumi. Bei ilikuwa imepanda kwa theluthi nzima huku mstari wangu umelala usingizi.

"Utaniandika?" akauliza Mama Mulwa, kicheko kimemwisha.

"Naandika mkebe. Jina la mtu siandiki."

Jumatatu asubuhi nilimpa Bwana Zedekiah grafu mpya. Wiki ya kwanza na ya saba nilizitia wino. Za katikati niliweka nukta tu, kwa kuwa sikujua.

Aliweka kidole juu ya zile nukta. "Sasa wiki saba ulikuwa unatuletea nini?"

"Bei ya mkebe, bwana. Si ya maharagwe."

Aliipeleka grafu mpya juu, na mimi akaniongezea miezi mitatu ya majaribio. Pia alinipa mizani ya mkononi na orodha ya wachuuzi kumi, kila mmoja wao aweke sahihi kwamba nimezungumza naye.

Alhamisi, kabla sijafika, Mama Mulwa alipaza sauti. "Msomi! Mkono!"

Nilitia mkono mkebeni. Uso uliniwaka, lakini vidole viligusa kitako upesi mno.

"Umeugonga tena," nilisema, kwa sauti ambayo hata Matheka aliisikia. "Leta nyongeza."