Kipanga Aliyeingia Kambini

Mume wangu alikuwa karani wa mahakama, mtu wa tai na kalamu, na alifuga kipanga. Jirani zetu wa Kamina, walimu na watu wa kanisa, walifuga kuku na bata, wengine sungura. Sisi tulikuwa na kipanga aliyekaa juu ya kigogo nyuma ya jiko akinikodolea macho nikisonga bukari, utadhani mimi ndiye mgeni. Akina mama wa kwaya waliacha kupita uani kwangu. Sikuwalaumu, maana hata mimi sikumpenda yule ndege.

Ufundi huo mume wangu aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye ng'ombe. Mzungu yule aliwinda kanga kwa kipanga, na mpishi akajifunza kwa kutazama. Mume wangu alimtoa wake kwenye kiota upande wa Kabondo-Dianda, akiwa bado na manyoya ya kitoto, akamlea kwa panya na shingo za kuku. Akamfunga miguuni vikamba vya ngozi alivyovikata kwenye kiatu kikuukuu, na kengele ndogo ambayo mhunzi aliifua kutoka ganda la risasi, kwa kuwa shaba nyingine haikupatikana. Kengele ilikuwa ya kumtafutia porini. Kipanga akiua kwale na kushuka naye kwenye majani marefu humwoni tena, unamsikia tu. Jumamosi walikuwa wakitoka wawili, na mara nyingi walirudi na kitu cha kutia sufuriani. Siku hizo sikulalamika sana.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa mahakama, hakuweza kufuga hata kunguni bila sheria. Kibali cha idara ya mazingira alikuwa nacho, chenye muhuri. Tena alipenda kunieleza, nitake nisitake, kwamba kipanga akipotea bado ni mali yako mradi unamfuata; siku ukiacha kumfuata anakuwa wa pori, na pori ni la serikali. Na juu ya sheria ya ofisini alishika ile ya wawindaji wa kwao, Waluba: mbwa wako au mnyama uliyemjeruhi akiingia kwenye ardhi ya mwingine, huingii kimyakimya. Unasimama mpakani na kutangaza kwa sauti jina lako, jina la baba yako, na unachokifuata. Anayeingia bila kutangaza ni mwizi. Mimi nilisikiliza huku nikichambua majani ya sombe.

Kisha vita vya pili vikaanza, mwaka mmoja hivi baada ya vile vilivyomng'oa rais wa zamani, na eropleni zikawa zinapita juu ya mji mchana kutwa zikielekea Base, kambi kubwa ya jeshi iliyo nje ya Kamina. Jumamosi moja kipanga alikuwa angani, ndiyo kwanza amerushwa, wakati eropleni moja ilipopita chini sana. Aliruka kwa hofu, akapanda juu na kupotelea upande huohuo wa Base. Mume wangu alirudi nyumbani na glavu yake ya gunia mkononi, hana rangi usoni. Hakula. Aliniudhi, na pia alinitia huruma, siwezi kusema kipi kilizidi.

Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu wa Bukama sokoni. Mteja wangu mmoja alikuwa mke wa askari, mwanamke wa mkoa wa Équateur, aliyenunua kwangu akaenda kuuza tena kambini. Siku chache baadaye alinijia akicheka.

"Mama, kule kwetu baaskari balikamata ndeke moja iko na kengele ku mugulu. Batoto banaipatia nyama kila saa, inanenepa."

Ningenyamaza. Lakini ile hali ya mume wangu kukaa akitazama kigogo kitupu ilikuwa imenichosha, nikamwambia. Uso wake ulivyong'aa, nikajua nimefanya kosa.

"Kesho minyi naenda kumukamata," akasema.

"Bantu bako napigana vita, na weye uko nafwata ndeke? Mu Base?"

"Mama, nikiacha kumufwata, aiko tena yangu."

"Basi ikuwe ya bengine."

Alfajiri alivaa shati jeupe, akafunga tai, akatia kibali mfukoni, akapanda baiskeli. Nilimwona akikata kona ya posta, mgongo umenyooka kama anayekwenda kusoma hukumu. Jioni hakurudi. Watoto waliuliza, nikasema amelala kwa rafiki, na wao wanajua baba yao hana rafiki upande ule. Sikulala. Kila gari lililopita nilidhani linasimama kwetu.

Asubuhi mke wa askari alifika mapema, na safari hii hakucheka. Alinieleza yaliyotokea. Mume wangu alifika kwenye kizuizi cha kambi, akashuka, akaegemeza baiskeli, akawapa askari mgongo nusu, akaanza kutangaza kwa Kiluba: mimi ni fulani, mwana wa fulani, namfuata kipanga wangu aliyeingia kwenu. Alitangaza kwa nguvu zote, kuelekea ndani ya kambi, kama wazee wake walivyofanya kwenye mipaka ya mapori. Askari wale walitoka mikoa ya mbali, na Kiluba kwao ni kelele tu. Walichokiona ni mtu wa tai anayempigia kelele mwenzake aliyejificha ndani. Halafu akasema kipanga mwenye kengele ya risasi ni wake.

"Banasema iko mujasusi," akasema yule mama. "Banamufunga mu kasho. Twende mbio, mama, chef anaamuka mubaya."

Tulipanda lori la wachuuzi. Njia nzima nilimgombeza mume wangu moyoni, nikatunga maneno makali ya kumwambia, kwa sababu nikiacha kumgombeza nilianza kumpangia mazishi.

Ofisa alikuwa kijana, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulionitisha. Kibali kilikuwa mezani kwake. Mume wangu alisimama ukutani bila viatu, jicho moja limevimba, tai bado shingoni.

"Mama, huyu iko bwana yako?"

"Ndiyo, chef."

"Hii karatasi iko na muhuri ya Zaïre. Zaïre iko wapi leo?"

Nchi ilikuwa imebadilishwa jina, na hakuna aliyefikiria kwamba kipanga naye alipaswa kubadilishiwa kibali. Nikamweleza desturi ya mpakani. Nikamweleza kwale, kengele, mzungu na mpishi wake, nikijisikia nilivyo mwongo masikioni mwangu mwenyewe ingawa kila neno lilikuwa kweli. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Bon. Tutaona. Tunaachilia ile ndeke. Kama iko ya kuwinda, itarudia ku mukono yake. Kama iko ya kubeba habari, itaenda kwenye inaendaka. Na huyu, tutamalizana naye hapa."

Miaka yote ile nilikuwa nimemsikia mume wangu akiwafokea watoto wasimlishe kipanga kabla ya kuwinda, maana kipanga mwenye njaa hurudi, na aliyeshiba hamjui mtu. Na huyu alikuwa ameshindiliwa nyama na watoto wa kambi siku zote hizo. Nilimtazama mume wangu. Askari walikuwa wamemleta kipanga mlangoni, naye alikuwa ameiona shingo yake iliyojaa chakula kabla yangu.

Walimfungua. Akaruka moja kwa moja hadi juu ya paa la bohari, akatua, akaanza kujisafisha manyoya. Mume wangu akanyoosha mkono uliofungwa kitambaa, umeshika kipande cha utumbo wa kuku, akapiga mluzi. Kipanga hakugeuka. Akapiga tena, midomo imekauka, mluzi ukatoka hewa tupu. Askari mmoja akacheka, mwingine akashusha bunduki begani. Mimi, mke wa karani, nilimwomba Mungu kwa ajili ya ndege niliyetamani afe tangu alipoingia kwangu. Nilimwahidi Mungu panya, shingo za kuku, chochote. Sina aibu kulisema.

Alikaa juu pale mpaka jua likanichoma kisogoni. Kisha, bila haraka, kana kwamba hakukuwa na mtu anayesubiri, akajiachia kutoka paani, akapita chini juu ya vichwa vyetu kengele ikilia, akatua kwenye mkono wa mume wangu. Nililia kwa sauti. Mume wangu hakulia. Alikuwa akimkagua mabawa.

Ofisa alisimama. Uso wake wote ulibadilika, ukawa wa mtoto.

"Fanya tena," akasema.

Akafanya tena. Na tena. Ofisa akaomba kitambaa, akanyoosha mkono wake mwenyewe, kipanga akaenda kwake, naye akacheka mpaka askari nao wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa tayari nimeokota viatu vya mume wangu na kuvipangusa vumbi.

"Mama, weye unaweza kurudia," ofisa akaniambia kwa sauti ileile ya upole. "Bwana yako hana kosa. Lakini atabakia hapa na ndeke. Mu vita, jeshi inaweza kukamata motokari, nyumba, muntu wa kazi. Inaitwa réquisition."

Nilimgeukia mume wangu anitetee, ajitetee, aseme kitu. Alikuwa akitazama chini.

"Njo sheria, mama," akasema. "Iko mu sheria."

Nilirudi na baiskeli. Baada ya hapo niliruhusiwa kumwona Jumapili, kwenye kizuizi, dakika chache tu. Alikuwa amekonda lakini alisema anakula, na kwamba ofisa anajifunza vizuri. Jumapili moja nilifika na shati safi na sabuni, nikakuta askari nisiyemjua. Akaniambia ofisa amepelekwa mstari wa mbele na eropleni ya jana, yeye na kipanga wake na mtu wa kipanga. Nilimwuliza mstari wa mbele upi. Hakujua. Akatazama kifurushi changu, akaniuliza kama naweza kumwachia ile sabuni.