Kiko cha Bi Tabu Charudishiwa Rangi, Alama za Meno Zikiwepo

Songea, 1910. Jua limechomoza Ruhuwiko, na fundi Chande ameshaketi barazani, kiko mapajani, kidole kimelowa mafuta ya ufuta. Anapaka tone moja, anasugua kwa kitambaa, ananusa.

"Usiniharakishe, ndugu," ananionya nikimuuliza kama kitakwisha leo. "Mti uliokauka hivi, ukiupa mafuta kwa pupa unapasuka."

Mbele yake yupo mjane, Bi Tabu, macho hayabanduki kwenye mikono ya fundi. Kiko kilikuwa cha mumewe, aliyekamatwa wakati wa vita vya Maji Maji akapelekwa bomani, asirudi. Hakuachiwa hata kaburi.

"Askari wa Mdachi walipokuja kuchoma nyumba, nilikificha chunguni, kwenye majivu ya kuhifadhia mbegu za maharage," anasimulia. "Nikasema, majivu yanazuia wadudu wasile mbegu, na kiko nacho yatakilinda."

Kweli, mdudu hakukigusa. Lakini kwa miaka minne majivu yalinyonya mafuta yote, kiko kikapauka kama kisigino cha kiangazi. Alipokifukua, maskini, alilia.

Mafundi wawili walitaka kukikwangua kwa kisu. Alikataa katakata, maana kwenye mdomo wa kiko pana alama za meno ya mumewe.

"Ukizifuta hizo, umemuua mara ya pili," alimwambia Chande.

Basi Chande, Myao aliyehamia hapa kutoka Nakapanya, hakugusa kisu. Siku kadhaa amekuwa akikipaka ufuta na kukianika kivulini. Leo anamalizia kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nyonyo.

Kufika adhuhuri wekundu wa mti unaanza kuonekana. Chande anafika kwenye alama za meno, anasugua kwa ncha ya kidole, amebana pumzi. Nami nimebana yangu, nisiseme uongo.

Meno yapo!

Bi Tabu anapokea kwa mikono miwili, anapiga kigelegele mpaka majirani wanatoka. "Asante, mwanangu! Mungu akuachie macho yako!" Anamwekea kibaba cha maharage. Chande anakataa, anakaripiwa, anapokea.

"Wa kushukuru ni mimi," ananiambia Bi Tabu akishaondoka. "Wenzangu wengi hawakuvuka vita vile. Mimi nimevuka na mikono yangu miwili, alhamdulillahi."

Namuuliza anatamani nini. Anasogeza kapu lenye viko vinavyongoja. Vyote vimeletwa na wajane.

"Natamani kapu hili lijae viko vya watu walio hai," anasema. "Aje mwanamume mwenyewe, anigombeze hapa: 'We Chande, mbona unanichelewesha, nataka kuvuta!'"