Kuku wa Mama Mkwe

Shemeji yangu Primus amefanya kazi moja tu maishani: kuwasemea Wazungu. Miaka ishirini na sita ameketi kwenye kibanda cha video hapa Majengo, maiki mkononi, akiwatafsiria watu filamu. Hata padri humwita DJ.

Mwaka juzi alipata filamu ya vichekesho ya Waingereza, ya zamani mno, ya wakati sinema ndiyo kwanza zimeanza kutoa sauti. Ilikuwa mchezo wa jukwaani kabla ya kupigwa picha, kwa hiyo watu wanaingia na kutoka sebule ile ile mpaka mwisho. Hakuna ngumi, hakuna gari. Watazamaji wakaanza kuguna, wengine wakainuka. Primus akatapatapa.

Kwenye picha mke kijana alikuwa akizunguka sebuleni mbele ya mumewe huku mama mkwe akimimina chai. Primus akabana sauti, akamsemea yule mke: "Hata kuku wa mama yako wananihesabia miezi!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Nami nilicheka mpaka machozi, Mungu anisamehe, maana sikujua maneno yametoka wapi. Yalikuwa ya dada yangu Theopista, mkewe Primus. Alimwambia mumewe hospitalini, siku mimba ya tatu ilipotoka.

Mtu alirekodi kwa simu. Wiki haijaisha, Theopista akiwa sokoni Mwika, akasikia wanawake asiowajua wakitaniana kwa maneno yale yale. Hawakujua ni yake. Hakurudi Majengo, alikwenda kwa baba yetu.

Primus akapanda kumfuata huko na jani la isale. Kwetu Uchaggani ukiletewa jani hilo huna ruhusa ya kukataa kusamehe, hata moyo ukigoma.

"Shikamoo baba," alimwamkia mzee, kisha akamgeukia mkewe. "Theo, nisamehe. Nilitaka tu watu wacheke."

Theopista akalipokea jani. "Nimekusamehe. Walicheka?"

"Walicheka," akajibu, mpumbavu yule.

Dada alirudi naye siku hiyo hiyo. Anampikia, anamfulia, anamwekea maji ya kuoga. Lakini tangu siku hiyo hajamwambia neno hata moja.

Juzi Primus alinijia, macho mekundu, akaniomba nimuulize dada kama anaumwa, maana amekonda. Nilimuuliza. Ana uvimbe tumboni, na daktari amemwambia amechelewa.

"Nikamwambie mumeo?" nikauliza.

"Usithubutu," alisema. "Atakwenda kuwachekesha watu."